Zamu ya Maige

Lambo la Mwanhinda nalijua kuliko mtu yeyote anayevuta pumzi upande huu wa Misungwi. Nikifumba macho naweza kukuchorea tuta lake, mfereji wake, na lile jiwe analosimama mgawa maji. Kweli niliwahi kulichora, tena nikiwa nimefumbua macho, na wajukuu wakauliza bibi kwa nini umechora chapati. Basi tuache kuchora. Nitasimulia tu, na nitakapokosea, lambo lenyewe lipo, nenda kapime.

Asubuhi ya siku ile, mwezi wa kumi, Sabina alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, kanga mabegani, dada yake Odeta akimnyoa. Walikuwa na beseni moja la maji, wembe mmoja na kipande cha sabuni ya mche. Maji hayo yalitakiwa yatoshe vichwa vitatu, maana Odeta naye alikuwa anyolewe, na mdogo wao Rebeka. Odeta alikuwa amefika jana yake kutoka Mkolani, mjini Mwanza, anakokaa akiuza dagaa, na kanga yake ilikuwa bado inanuka kazi.

"Tulia, dada. Nitakukata sikio."

"Likate. Lina faida gani? Halikusikia kitu."

Sabina alinyolewa kwa sababu mchana ule mkutano wa lambo ungemtangaza mumewe kuwa marehemu, naye hakutaka ujane umkute na nywele, watu wakasema hakuwa na uchungu.

Mumewe, Maige, alikuwa amelala kwenye tope la lambo tangu mwezi wa sita. Kulala huko hakukuwa na ubaya. Alilala kila kiangazi.

Kabla ya lambo, bonde lile lilikuwa majaruba ya mpunga ya Maige, aliyoachiwa na baba yake. Kijiji kilipotafuta mahali pa kuchimba, ilionekana kwamba maji yote ya mvua, yakipewa uhuru wao, hupenda kwenda kwa Maige. Ndipo Luhaga, mwenyekiti wa kamati ya lambo, mtu mwenye tumbo la amani na maneno laini, akamwendea. Toa bonde, alimwambia, nasi tutakupa kipande chini ya tuta, na kwa kuwa ardhi ilikuwa yako, kila kiangazi zamu ya kwanza ya maji itakuwa yako. Maige akatoa. Alikuwa mtu wa kukubali. Watu wa namna hiyo wapo: unamwambia nishikie huyu mbuzi narudi sasa hivi, unasahau, kesho yake unamkuta bado ameshika.

Kiangazi cha kwanza maji yalipoanza kupungua, sehemu iliyotangulia kukauka ilikuwa mkiani, mbali na tuta, na huko ndiko hasa lilikokuwa shamba lake. Maige akaenda kukaa kwenye tope lake kusubiri zamu. Luhaga akapita na baiskeli, akamwonea huruma.

"Maige, jua hili litakuua. Kalale. Zamu yako ikifika, mgawa maji atakuita."

Maige akalala. Alilala palepale, kwa kuwa hakuambiwa akalale wapi. Jasho lake likawa zito kama mlenda, likamfunika mwili mzima, tope likamkaukia juu, kikabaki kitundu kidogo cha kupumulia. Kila aliyekulia karibu na ziwa anamjua kamongo, yule samaki ambaye maji yakimkimbia hayafukuzi, anajizika kwenye tope anangoja yarudi. Watu wa Mwanhinda walikiangalia kile kitundu, wakasema, "Kumbe hata mtu," wakaendelea na dengu zao.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikamwamsha. Alinawa uso, akaenda nyumbani, akapiga hodi.

"Zamu yangu imefika?"

"Ilifika, ikapita," Sabina akamjibu. "Vua hilo tope, unanichafulia mlango."

Kwetu zamu ya maji haiandikwi popote. Huitwa. Mgawa maji husimama juu ya jiwe kwenye tuta, jua likiwa bado halijatoka, akaita jina mara tatu. Mwenye zamu huitika "Naam" kwa kinywa chake mwenyewe, ndipo mlango wa mfereji hufunguliwa upande wake. Asiyeitika imempita, na maji yake yanarudi kwa kamati. Kamati ina watu wengi kwa jina, lakini anayelima matikiti kwa maji hayo ni Luhaga. Na kumwitikia mwenzako ni marufuku, tangu siku watu wawili walipopigana kwa majembe wakigombea Naam ya mtu wa tatu ambaye alikuwa msibani.

Sabina alijaribu, mwaka wa pili. Jina lilipoitwa alisimama katikati ya vitunguu vyake, kwenye kipande chao chini ya tuta, akaitika kwa nguvu.

"Wewe ndiye Maige?" Luhaga akauliza kutoka juu ya tuta.

"Mimi mke wake."

"Ndevu umeziacha wapi?"

Watu walicheka. Sabina naye alicheka kidogo, kwa mazoea, na kicheko hicho hakujisamehe mpaka leo.

Wakati huo mgawa maji alikuwa mzee Chenge, mtu mwaminifu mwenye kifua kibovu. Sauti yake ilikuwa ya mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Aliita kweli, mara tatu kila mwaka, akishika mbavu, na sauti ikafika katikati ya lambo, ikachoka, ikakaa chini. Huwezi kumlaumu mtu kwa kifua alichopewa. Sabina alijaribu kumwamsha mumewe mwenyewe: akapiga debe juu yake, akammwagia maji, hata akamtukana mama yake. Maige alikoroma, akageukia upande wa pili. Mtu huamka kwa neno alilolalia, na Maige alikuwa amelalia neno la Luhaga, kwamba mgawa maji atamwita. Na wa kumchimbua hakuwapo. Ukimchimbua kamongo kwa jembe kabla ya mvua, unatoka na nusu.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Miezi ya mvua Maige alikuwa mume mzuri, alipalilia, aliezeka, alibeba kuni bila kuagizwa. Ardhi ikianza kupasuka, kope zinamwelemea, ngozi inateleza, anaaga, anakwenda mkiani. Mtu anayelala nusu ya mwaka huzeeka nusu. Sabina alizeeka mwaka mzima. Ikafika mahali wageni wakimkuta Maige mlangoni humwuliza kama mama yupo. Kila kiangazi Sabina alikwenda kukitafuta kile kitundu, akakisafisha kwa unyasi, akakaa kando yake akichambua mboga. Vitunguu vyake, kwa maji ya ndoo kichwani, vilitoka ukubwa wa gololi. Akiamka, Maige alivipima kiganjani.

"Mwakani," alikuwa akisema.

Mwaka ule wa mkutano, Chenge alifariki wakati wa masika, na katikati ya mwaka daraja la Kigongo na Busisi likafunguliwa. Watu walishangilia, magari yakapita juu ya maji kama yanakwenda harusini. Nestory akarudi nyumbani. Alikuwa mpiga debe wa pantoni lililokuwa likivusha watu hapo, miaka mingi, na alirudi na begi moja na sauti yake. Dada yake ndiye mke wa Luhaga, kwa hiyo wiki hiyohiyo akawa mgawa maji. Maige alikuwa ameshalala.

Sabina alimpelekea jogoo.

"Mdogo wangu, Chenge alikuwa anaita kwa kifua cha kuazima. Sasa wewe ndiye tegemeo langu. Mwite vizuri."

"Mayu, mama yangu, wasiwasi wa nini?" Nestory alimshika jogoo mapajani akipima uzito. "Kuna mtu alisahau mbuzi wake Kigongo, ameshashuka ng'ambo ya Busisi, anatafuta chai. Nikamwita mara moja. Alirudi na kikombe cha watu mkononi. Sasa huyu aliyelala hapa mtaroni ndiye anishinde?"

Sabina aliondoka akitembea kama mtu mwenye umri wa mumewe. Alilima matuta mengi kuliko miaka yote, akaomba mbegu kwa Rebeka, akaomba na samadi. Jirani zake walimwona akiimba.

Siku ya zamu, mwezi wa nane, aliamka kabla ya kuku, akakaa kwenye vitunguu, kanga imefungwa kiunoni, jembe tayari la kuelekeza maji. Alisikia tetere. Alisikia kengele za ng'ombe. Kisha akaona maji yanapita kwenye mfereji, mbele ya miguu yake, yakiharakisha kwenda kwenye matikiti.

"Nestory! Hukumwita?"

"Nimemwita, mayu. Mara tatu. Hakuitika."

"Mbona sikusikia?"

"Masikio, mayu," Nestory akasema kwa upole. "Umri."

Sabina aliwauliza majirani, mmoja mmoja. Kila mmoja aliangalia kwanza shamba lake mwenyewe, ambalo zamu yake ilikuwa bado mbele, ndipo akasema ndiyo, alisikia, sauti ilikuwa kubwa. Siwalaumu sana. Ukisema hukusikia zamu ya mwenzako, yako utaisikiaje?

Basi shida ikawa kubwa kuliko maji. Kama Chenge alikuwa ameita na Maige hakuitika, hiyo ilikuwa aibu ya kifua cha Chenge. Lakini kama Nestory ameita, mwenye sauti ya kuvuka ziwa, na bado Maige kanyamaza, basi lililolala pale halikuwa usingizi. Sabina alikimbia mkiani na unyasi wake kutafuta kitundu. Ng'ombe wa Luhaga walikuwa wamepita wakienda kunywa, wamekanyaga kila mahali. Alipiga magoti akatafuta mpaka jua la utosi, akitia sikio kwenye kila ufa. Hakukiona. Vitunguu vilikauka wima, na yeye akaanza kuamini.

Luhaga alimtembelea kumpa pole kabla hata hajafiwa rasmi.

"Tutafanya mkutano, mayu, tumtangaze kwa heshima. Na kile kipande chini ya tuta, unajua tulimwahidi yeye Maige. Hatukuiahidi nyumba. Kitarudi kwa kamati."

Ndiyo maana siku ile walikuwa wananyoana nyuma ya jiko.

Mkutano ulifanyika juu ya tuta, mchana. Lambo lilikuwa limebaki dimbwi la bata watatu. Sabina alikaa mbele, dada zake wawili nyuma yake, vichwa vyao vikimeremeta mafuta. Pembeni ya tuta lilikuwa limeegeshwa Fuso likipakia matikiti ya Luhaga, na kwenye kivuli chake alikaa Fadhila, mnunuzi kutoka mjini Mwanza, mwanamke wa ukoo wa wafanyabiashara wa sokoni, aliyekuwa akijipepea kwa ncha ya mtandio na kuwahimiza vijana wasiyagonge matikiti. Mkutano haukumhusu. Alikuwa anasubiri mzigo wake.

"Tumekusanyika kwa huzuni," Luhaga akaanza. "Mwenzetu Maige alikuwa mtu wa kutoa. Nestory, sema ulivyofanya."

Nestory alisimama kando ya jiwe, kofia mkononi.

"Nilisimama hapa. Nikamwita mara tatu, kwa sauti yangu yote. Kimya. Mungu amlaze pema."

"Ameshamlaza," mtu mmoja akasema, na wengine wakaguna.

Fadhila aliinua kichwa kule kwenye kivuli.

"Kwa sauti yako yote? Wewe si Nestory wa pantoni wewe?"

"Ndiye mimi, dada Fadhila."

"Na mbona sisi mjini hatukusikia?" Alicheka mpaka mtandio ukaanguka. "Nestory ninayemjua mimi akiita hapa, Busisi watu wanageuka. Kumbe daraja limekula na sauti! Maskini. Na mimi nilikuwa naililia, wallahi. Siku hizi tunavuka hata hujamaliza kufungua karanga, hakuna wa kukufokea."

"Halijala kitu," Nestory akasema.

"Limekula. Nakusikia hapo, unaongea kama bwana harusi."

"Dada Fadhila, mimi sauti yangu ipo."

"Ipo wapi? Umeiweka benki?"

Watu walianza kutabasamu kwenye msiba. Luhaga alimwona shemeji yake anavuta pumzi, akanyoosha mkono.

"Nestory, kaa chini. Haina haja."

Lakini Nestory hakuwa ameita mtu tangu pantoni lifungwe kamba kwa mara ya mwisho, na kitu kama hicho mwilini ni kama maziwa kwa mama aliyeachisha mtoto ziwa. Alipanda juu ya jiwe. Aliweka kiganja shavuni. Na jina lililokuwa karibu na ulimi wake, kwa kuwa ndilo walilokuwa wakilizungumza tangu mkutano uanze, likatoka.

"Maigeeee! Maige wa Mwanhindaaa! Wa mwisho huyooo, tunaondokaaa!"

Bata waliruka. Ng'ombe waliinua vichwa hadi upande wa pili wa bonde. Dereva wa Fuso aliwasha injini bila kuambiwa.

Na kutoka mkiani, chini ya tope lililopasuka, mtu akajibu.

"Naam!"

"Ameitika," akasema yule aliyesema Mungu ameshamlaza, kama mtu anayesema manyunyu yameanza.

Tope likavimba, likavunjika kama chungu kibichi, na Maige akakaa, wazi hadi kiunoni, mweupe kwa vumbi, meno yote kinywani. Watu hawakumtazama sana, walikuwa wamemzoea. Walimtazama Nestory. Alikuwa bado juu ya jiwe, kiganja bado shavuni, mdomo umesahau kufunga.

"Siku ile," Nestory akasema, sasa kwa sauti ya Chenge, "nilikuwa na mafua."

Wale majirani waliosikia sauti kubwa mwezi wa nane walianza kukagua kucha zao.

Mkutano ukateremka mkiani, Luhaga mbele, Fadhila nyuma na viatu mkononi.

"Zamu yangu imefika?" Maige akauliza.

"Ilikuwa mwezi wa nane," Luhaga akamjibu. "Uliitwa. Yalitokea mafua kidogo. Mafua ni kudra, hakuna anayeyapanga. Na maji yakishakwenda, Maige, hata mimi ningefanyaje? Siwezi kuyaita yarudi."

Kwa kweli hayakuwa yamekwenda mbali. Yalikuwa ndani ya Fuso, mviringo, mistari ya kijani, yamepangwa hadi juu. Fadhila aliyatazama, akamtazama Maige, akapanda tena tuta. Alirudi na tikiti moja, akalipasua juu ya goti, akampa nusu. Maige alikula polepole, kama mtu ambaye hajanywa tangu mwezi wa sita. Maji yalimtiririka kidevuni yakaacha njia nyeusi kwenye vumbi la kifua.

"Tamu," akasema. "Limelimwa na nani?"

"Luhaga," mtu akamjibu.

"Ana mkono mzuri."

Luhaga alishukuru. Kisha akafunga mkutano. Kwa kuwa Maige yu hai, kipande chini ya tuta kinabaki chake. Kwa kuwa zamu imepita, imepita. Kwa kuwa Mwanhinda nzima haina mwenye sauti kama ya Nestory, na wote wamejionea, Nestory ataendelea kuwa mgawa maji.

"Mwakani tutakuita mapema," Luhaga akamwambia Maige.

"Haya, mwenyekiti."

Watu wakapanda kwenda zao. Fuso likaondoka, likibeba mzigo mzito kwa uangalifu. Walibaki Maige na Sabina, na Odeta na Rebeka waliosimama hatua chache nyuma, hawajui waondoke au wakae. Mvua ilikuwa bado mwezi mmoja. Kope za Maige zilianza kushuka. Akajilaza tena kwenye umbo lake, na Sabina akapiga magoti, akaanza kumrudishia tope miguuni kwa mikono miwili, kama anavyofukia mbegu.

Maige akamtazama. Ndipo alipomwona vizuri.

"Sabina, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mbona kichwa hivyo?"

"Chawa," Sabina akasema.

Mikono yake iliendelea kufukia. Maige aliinua shingo, akamwangalia Rebeka, akamwangalia Odeta, vichwa vyote viwili vikimeremeta juani kama vibuyu vipya.

"Na hao?"

"Hao hao chawa. Mwaka huu walikuwa wengi. Walipita nyumba kwa nyumba."

Maige alifikiri, taratibu, kama mtu anayefikiri akiwa ameshafukiwa hadi kifuani.

"Odeta," akasema, "si anakaa Mkolani?"